Kujionea huruma: maswali ya mkulima wa viazi na majibu yake

Swali: Ugonjwa wa ukungu umemaliza viazi vyangu huku Isyonje, Mbeya, na VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wananidai. Nikilia, mke wangu anasema najionea huruma. Kulia ni kosa?

Jibu: Si kosa. Mtaji umekwenda, lazima uume. Kujionea huruma ni pale unapoganda kwenye "kwa nini mimi tu?" Jipime hivi: ukisimulia hasara yako, majirani wamo? Mvua na baridi ile ile imewapiga na wao. Kama kila ukisimulia uko peke yako, mkeo ameona kitu, hata kama kakisema kwa ukali.

Swali: Kuna madhara kiafya?

Jibu: Yapo. Wazo linalozunguka usiku kucha hufukuza usingizi, na asiyelala huzidi kuwa na huzuni. Pombe kama komoni na ulanzi hupoza jioni tu. Asubuhi hali ni mbaya zaidi.

Swali: Naambiwa "jikaze". Nimejikaza, wapi!

Jibu: Hilo neno halijamponya mtu. Wala usingoje ari irudi ndipo uinuke; mara nyingi ari hufuata kazi. Chagua kazi moja, uipangie saa: kesho saa moja asubuhi, kuokota viazi vilivyooza na kuvifukia mbali na shamba, maana vikibaki hubeba ugonjwa hadi msimu ujao. Jioni andika kwenye daftari kilichopotea, kilichobaki na deni. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa kikundi kabla ya siku ya marejesho, maana kujificha ndiko kunakokuza aibu.

Na maneno unayojiambia, je, ungemwambia rafiki yako ambaye shamba lake limeharibiwa na ukungu? Kristin Neff, mtafiti wa Marekani aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka 2003, anatofautisha kujihurumia kwa upole na kujionea huruma: mpole kwa nafsi yake anakumbuka kwamba wengine nao wanaumia.

Swali: Nitajuaje kama ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito?

Jibu: Ukiwa na huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, tena usingizi, chakula na nguvu vimeharibika, nenda kituo cha afya. Inatibika, kwa ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina huduma ya afya ya akili.

Ukianza kuwaza kujiua, usilale na wazo hilo. Mwambie mkeo, asikuache peke yako, mwende hospitali siku hiyo hiyo. Na dawa za shambani zitoke ndani, akazitunze jirani.