Mgao wa viti vya bunge: baki apewe nani?

Kugawa viti vya bunge kwa uwiano wa watu maana yake ni kwamba jimbo lenye asilimia 12 ya wananchi lipate, kwa kadiri inavyowezekana, asilimia 12 ya wabunge. Kanuni hiyo haina mpinzani, lakini hesabu yake huacha baki, na mbunge hakatwi vipande. Mbinu zinazotajwa hapa chini zinahitilafiana hasa katika jambo hilo: baki lipewe nani.

Tuchukue nchi yenye watu 1,000,000 na viti 12, ambamo Jimbo la Kwanza lina watu 450,000, la Pili 430,000 na la Tatu 120,000. Stahili zao kamili ni viti 5.40, 5.16 na 1.44. Tukihesabu namba nzima pekee tunapata viti 11, na kimoja kinabaki. Mbinu ya Alexander Hamilton, mwanasiasa wa Marekani, hukipeleka kwenye jimbo lenye baki kubwa kuliko yote, ambalo hapa ni la Tatu, na mgao unakuwa 5, 5 na 2. Ni mbinu nyepesi kueleweka, na anayeisikia mara ya kwanza huona kwamba haki imetendeka. Sasa bunge liongezewe kiti kimoja bila idadi ya watu kubadilika popote. Stahili zinapanda hadi 5.85, 5.59 na 1.56, viti viwili vinavyobaki vinakwenda kwa majimbo makubwa, na mgao unakuwa 6, 6 na 1. Jimbo la Tatu limepoteza mbunge kwa sababu tu bunge limepanuka.

Jambo hili lilionekana Marekani baada ya sensa ya 1880. C. W. Seaton, karani mkuu wa ofisi ya sensa, alipiga hesabu za mabunge ya ukubwa mbalimbali akakuta kwamba Alabama ingepata viti 8 katika bunge la viti 299, lakini 7 katika bunge la viti 300. Kasoro hiyo ikaitwa kitendawili cha Alabama, na kwa maoni yangu inatosha kuikataa mbinu ya Hamilton.

Thomas Jefferson alikuwa na njia nyingine, iliyotumika tangu 1792 baada ya Rais George Washington kuukataa mswada uliofuata mbinu ya Hamilton. Hutafutwa namba moja ya kugawanyia idadi ya watu wa kila jimbo, desimali zote zinaachwa, na namba hiyo inarekebishwa mpaka viti vyote viishe. Katika mfano wetu wa viti 12, namba 75,000 inatoa 6, 5 na 1. Kuacha desimali hulipunja zaidi jimbo dogo, kwa kuwa nusu ya kiti ni hasara kubwa kwa mwenye kiti kimoja kuliko kwa mwenye vitano. Mwanasiasa mwingine wa Marekani, Daniel Webster, alitaka desimali ipelekwe kwenye namba nzima iliyo karibu zaidi. Tukigawanya kwa 81,000, mgao unabaki uleule wa 6, 5 na 1.

Sheria ya Marekani ya 1941 inafuata mbinu ya Huntington na Hill, ambayo mpaka wake wa kupanda ni kipeuo cha pili cha zao la namba mbili nzima zinazofuatana. Kati ya 1 na 2 mpaka huo ni takriban 1.414, kwa hiyo 1.44 inapanda kuwa 2. Kati ya 5 na 6 ni takriban 5.477, kwa hiyo 5.40 inashuka. Mgao unarudi kuwa 5, 5 na 2, bila hatari ya kitendawili cha Alabama. Mwaka huo tofauti ilikuwa kiti kimoja tu: Webster angekipa Michigan, nayo sheria ikakipa Arkansas.

Mwaka 1982 wanahisabati Michel Balinski na H. Peyton Young walichapisha uthibitisho kwamba hakuna mbinu inayoweza kumpa kila mmoja stahili yake iliyoshushwa au kupandishwa hadi namba nzima ya jirani, na wakati huohuo ikakwepa vitendawili vyote vinavyoletwa na mabadiliko ya idadi ya watu. Kwa hiyo wanaotunga sheria huchagua kasoro wanayoweza kuivumilia, na ndiyo maana mbinu inapaswa kuandikwa kabla ya watu kuhesabiwa. Viti maalum vya wanawake nchini Tanzania, vinavyogawiwa vyama kwa uwiano wa kura, navyo huzaa baki la aina hiihii. Nako Marekani, baada ya sensa ya 2020, jimbo la New York lilipoteza kiti kimoja. Lingekuwa na wakazi 89 zaidi, huku majimbo mengine yakibaki yalivyo, lingebaki nacho.