Yohane hakutoka gerezani

Wiki iliyopita, katika jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, mama mmoja alianza kueleza habari za ada ya Januari na kodi ya chumba anayodaiwa tangu Septemba. Hakumaliza. Mwenzetu mmoja akamkatiza: "Mama, hiki ni kipindi cha matumaini. Ukilalamika unaonyesha huna imani." Akanyamaza, akainama. Mimi ni katekista, mwalimu wa dini, kwa miaka 18 sasa, na maneno hayo nayasikia kila Majilio, majuma ya kungoja Noeli. Yamenichosha.

Anayesema hivyo hasikilizi masomo. Dominika ya kwanza ya Majilio, Mwaka B (masomo ya Misa huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C), nabii Isaya anamlilia Mungu apasue mbingu ashuke, tena anamuuliza kwa nini amewaacha watu wake wapotee njia. Hayo ni malalamiko, na yanasomwa kanisani kama Neno la Mungu.

Nataka tukae kwa Yohane Mbatizaji. Dominika ya tatu, Gaudete, tunaambiwa tufurahi, na padre huweza kuvaa rangi ya waridi. Siku hiyohiyo, katika Mwaka A, Injili inatupeleka gerezani. Yohane, yuleyule aliyembatiza Yesu mtoni Yordani, anatuma wanafunzi wake wakaulize: wewe ndiye yule ajaye, au tumngoje mwingine? Yesu hamkemei. Anawaambia wakamweleze wanayoyaona na kuyasikia: vipofu wanaona, maskini wanahubiriwa habari njema. Kisha anamsifu mbele ya umati. Angekuwa amekata tamaa, Yohane asingemtuma mtu. Kuuliza kwake ndiko kutumaini kwenyewe.

Tunachanganya kutarajia na kutumaini, na hapo ndipo tunapowaumiza watu. Natarajia fedha mwisho wa mwezi. Zisipoingia, tarajio langu limekwisha. Anayemtumaini Mungu hajapewa tarehe. Anamshika yeye mwenyewe, na anaweza kumshika huku analia.

Mlango wa gereza haukufunguka. Herode aliagiza Yohane akatwe kichwa. Kwa nini aliyewafumbua macho vipofu hakumfungulia jamaa yake? Nimeifundisha Injili hiyo mara nyingi na jibu sina. Wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, wakiniuliza, nawaambia hivyo hivyo.

Tukikutana tena jumuiyani nitamwomba yule mama amalizie habari yake kabla hatujafungua Biblia. Na mweka hazina aje na daftari la mfuko wa jumuiya, tuone tutamsaidiaje.