Duchess wa Atholl na wasichana wa Kikuyu: Westminster, Desemba 1929

Wanaopekua hansadi za Uingereza kutafuta habari za Kenya ya ukoloni kwa kawaida huanza na ardhi na walowezi. Mimi huwaelekeza kwanza kwenye kikao cha tarehe 11 Desemba 1929. Mjadala ulihusu sera ya makoloni kwa ujumla. Ndani yake mbunge Katharine Stewart-Murray, Duchess (yaani mke wa duke) wa Atholl, akapenyeza jambo ambalo Bunge lile halikuzoea kulisikia: ukeketaji wa wasichana wa Kikuyu, na jinsi unavyowaumiza wanapokuja kujifungua. Hakuficha kitu.

Ajabu ni kwamba mama huyu, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alipanda majukwaani kupinga wanawake kupiga kura. Mwaka 1923 akachaguliwa kwa tiketi ya Wahafidhina katika jimbo la Kinross na West Perthshire, mwanamke wa kwanza kuingia Bungeni kutoka Uskoti. Mwaka 1924 akapewa unaibu waziri wa elimu, akaushika hadi chama chake kiliposhindwa uchaguzi wa 1929.

Kwa hiyo Desemba ile alikuwa mpinzani asiye na cheo serikalini, na Kenya haikuwa na mbunge hata mmoja Westminster, yaani katika Bunge la Uingereza. Mtu wa namna hiyo angeweza nini? Kumuuliza waziri maswali, kudandia mjadala wa mwingine, na kukusanya wenzake katika kamati isiyo rasmi. Kamati aliipata: ilivuka mipaka ya vyama, na Eleanor Rathbone, mbunge huru, alikuwa mshirika wake mkubwa. Rathbone alitaka waende mbali zaidi, wahoji pia wasichana kuozwa bila ridhaa. Miongoni mwa waliofika mbele yao ni kijana aliyekuwa London kwa niaba ya Kikuyu Central Association, chama cha kisiasa cha Wakikuyu, wakati huo akijiita Johnstone Kenyatta (baadaye Jomo Kenyatta). Yeye alipinga mila hiyo kufutwa kwa amri.

Kwa maoni yangu kazi ya Duchess ilipwaya kwenye vyanzo vyake. Habari zake nyingi zilitoka kwa wamisionari wa Kanisa la Uskoti, nao walikuwa tayari wamo kwenye ugomvi. Mwaka huohuo wa 1929, chini ya Dk. John Arthur, misheni iliwadai waumini wake waikane mila hiyo, na maelfu wakaondoka makanisani na kuwatoa watoto shuleni. Vijana wakaimba Muthirigu, nyimbo za kuwakejeli wamisionari na machifu, hadi serikali ikazipiga marufuku. Shule huru za Wakikuyu zilipata nguvu katika mfarakano huo.

Waziri wa Makoloni, Lord Passfield, alikaa Baraza la Malodi, hivyo aliyeisemea wizara mbele ya wabunge alikuwa naibu wake, Drummond Shiels, naye Mskoti, tena daktari. Utabibu wake haukubadili hesabu za kisiasa. Wizara iliogopa kuchochea Wakikuyu zaidi, ikategemea elimu na mabaraza ya wenyeji, ambayo baadhi yake yalikuwa yameshaweka masharti ya kupunguza ukali wa upasuaji wenyewe. Westminster haikutunga sheria yoyote. Marufuku kwa watoto ilikuja na Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2001, na kwa wanawake wa umri wote mwaka 2011.