Foleni ndani ya swichi: kabla hujanunua intaneti kubwa zaidi

Saa nne asubuhi, ofisi moja hapa Tabora. Dada wa mapokezi ameshika simu ya mtandao, anaongea na mwenzake wa Urambo: "Nasema fai... fai... Hebu rudia!" Chumba cha pili kompyuta inapeleka bakapu (nakala za akiba za mafaili) kwenye seva ya Dar es Salaam. Naitwa mara nyingi kwenye ofisi za namna hii, na nakuta wakubwa wameshaamua kuongeza kifurushi. Naumia, maana fedha hizo zingefanya kazi nyingine. Kwanza jaribuni kuipa sauti kipaumbele kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta na simu za ofisi.

Piga hesabu. Ndani ya ofisi mtandao ni gigabiti 1 kwa sekunde, laini ya kutoka nje ni megabiti 4. Kwenye laini hiyo, pakiti (kipande kimoja cha data) ya baiti 1500 huchukua milisekunde 3 kutoka. Pakiti 100 za bakapu zikitangulia, ya sauti itasubiri milisekunde 300, wakati ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inashauri sauti ifike upande wa pili ndani ya milisekunde 150. Bakapu ikichelewa kidogo hakuna atakayejua. Maongezi yakichelewa hivyo, hayaendi.

Sisi wa Tabora jambo hili tunaliona stesheni. Treni za Kigoma na za Mwanza zinakutana hapa, na reli ya kati kwenda Dar ni njia moja. Anayeamua ipi itangulie haongezi reli hata mita moja, lakini abiria wanafika.

Swichi huamua kwa alama. Fremu, yaani bahasha inayobeba pakiti ndani ya mtandao wa ofisi, ikiwa na lebo ya VLAN (lebo ya kundi la mtandao) ina biti 3 za kipaumbele, yaani ngazi 0 hadi 7. Sauti kwa kawaida hupewa 5. Angalia mtego: ngazi 1 iko chini ya 0, kwa hiyo aliyepandisha kitu kutoka 0 hadi 1 amekishusha. Ndani ya pakiti yenyewe kuna alama nyingine, DSCP, ya biti 6. Huko sauti ni 46.

Alama za simu ziamini, za kompyuta usiziamini, kwa sababu programu yoyote inaweza kujiandikia 46. Kuna ofisi nilikuta poti zote 24 za swichi (matundu ya kuchomekea waya) zimewekwa ngazi 7, mpaka ya printa. Wote wakiwa wa kwanza, hakuna wa kwanza.

Foleni ya sauti iwe ya kutangulia daima, ila iwekee kikomo, isije ikazinyima nyingine kabisa. Haihitaji nafasi kubwa: simu 10 kwa pamoja, kwa kodeki ya G.711 (njia ya kugeuza sauti kuwa data), hazifiki megabiti 1. Foleni zilizobaki zigawane nafasi kwa uzito, yaani yenye uzito mkubwa ipitishe zaidi.

Wengi hukosea hapa: foleni hujaa pale penye upenyo mwembamba. Kama wembamba uko kwenye ruta (kifaa kinachounganisha ofisi na laini ya nje), weka kipaumbele kwenye ruta, au bana poti ya swichi inayokwenda huko iwe chini kidogo ya kasi ya laini. Bila hivyo foleni za swichi zitakaa tupu na simu itaendelea kukatikakatika.

Kisha rudi saa nne ileile, bakapu ikiendelea, piga simu Urambo huku ukitazama hesabu ya pakiti zinazotupwa kwenye kila foleni. Ikipanda kwenye ya bakapu, sawa. Ikipanda kwenye ya sauti na alama zote pamoja na kikomo ni sahihi, laini ni ndogo kweli. Hapo kaombeni bajeti.