Ufa wa Tetemeko Hauponi kwa Plasta

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Watu wasiopungua 17 walifariki, na maelfu ya nyumba za Bukoba na wilaya jirani zikaanguka au kupasuka. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hadi zikafungwa. Watu walilala nje, chini ya maturubai, katika mji ambao mvua zake hazina mchezo.

Hapo ndipo haraka inapoanza. Mwenye nyumba anataka kurudi ndani, mpangaji hana pa kwenda, fundi anakuja na mfuko wa saruji. Ufa unapigwa plasta, na rangi juu. Methali inatuhimiza tuzibe ufa. Mimi nakuomba kwanza uusome. Mpasuko mwembamba ulioishia kwenye plasta si neno. Lakini ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha, au unaoachanisha kuta mbili pembeni, maana yake ukuta umeshapoteza nguvu. Weka alama ya penseli kila upande wa ufa, pima kwa rula, andika tarehe palepale ukutani. Baada ya wiki pima tena. Nafasi ikiwa imeongezeka, hamisha watoto leo, kisha mwite mhandisi wa halmashauri.

Nyumba dhaifu kuliko zote ni ya tofali zilizoshikwa kwa tope, isiyo na lenta, yaani boriti ya zege juu ya madirisha na milango. Kila ukuta unasimama kivyake, na ukisukumwa unaanguka kivyake. Ile pembetatu ya juu chini ya paa ndiyo hutangulia. Dawa yake ni mkanda wa zege wenye nondo, uzunguke nyumba nzima bila kukatika, juu ya msingi na juu ya madirisha, ukamatane na nguzo za kona. Ncha za ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushiwa nondo za nguzo, zikunjwe ziingie katikati ya nguzo, la sivyo zitafunguka siku ya mtikisiko. Fundi akisema kipande cha lenta juu ya dirisha kinatosha, mkatalie.

Bei naijua, na baada ya tetemeko mzigo wa kujenga upya nyumba binafsi uliwaangukia zaidi wenyewe. Najua pia udongo laini wa bondeni, kama kando ya mto Kanoni mjini Bukoba, hutikisika zaidi ya mwamba, lakini Mhaya hahami kirahisi kwenye kibanja, shamba la ukoo lenye makaburi ya wazazi wake. Asiyeweza vyumba vitatu ajenge kimoja, chenye mkanda kamili na nguzo zake. Nondo za kuendelezea azichomoze, azipake uji wa saruji zisishike kutu.