Ozoni kwenye tangi la matumbawe: anza na hewa ya Dar

Jaza maji ya tangi lako kwenye ndoo nyeupe ya lita 20, kisha weka pembeni ndoo ya aina ileile yenye maji mapya ya chumvi. Kama ya kwanza inafanana na chai ya rangi iliyozimuliwa mara kumi, ozoni ina kazi ya kufanya. Umanjano huo ni masalia ya chakula, mwani na ute wa matumbawe yaliyooza nusunusu: bakteria wanashindwa kuyamaliza na skima, kifaa kinachonasa uchafu kwa povu la viputo vya hewa, haiyanasi. Ozoni ni oksijeni yenye atomi tatu, na ile ya tatu haitulii. Huyashambulia masalia hayo na kuyavunja mahali panapoyapa rangi. Ndani ya siku chache maji yanang'aa. Haiondoi naitreti, haiondoi fosfeti, na kwa dozi ambayo matumbawe yanaivumilia haimtibu samaki ambaye tayari ana vimelea mwilini. Muuzaji akikuahidi hayo, mshukuru na uendelee na safari yako.

Maelekezo mengi ya ozonaiza, mashine inayotengeneza ozoni, yameandikwa kwa ajili ya nyumba za nchi za baridi, zenye hewa kavu. Ndiyo maana watu wa hapa hununua mashine ya miligramu 100 kwa saa, wanaona haifanyi kitu, wanaongeza dozi, na baada ya miezi michache mashine inakufa. Ozonaiza nyingi za nyumbani hupitisha hewa kwenye umeme wa volti kubwa. Hewa ikiwa na unyevu, ozoni inayotoka hushuka mno, pengine hadi nusu au chini ya hapo. Wakati huohuo naitrojeni iliyomo hewani huungana na oksijeni, ikikutana na maji inakuwa asidi ya nitriki, na asidi hiyo hula vyuma vya ndani. Ukichomoa mpira wa kutolea hewa na kukuta majimaji ya kunata au ukungu wa njano, mashine imeshaanza kuliwa.

Tupige hesabu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevunyevu wa asilimia 80, kama ya Msasani au Mbezi Beach wakati wa masika, hubeba takriban gramu 24 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Ukipitisha lita moja kwa dakika, kwa siku ni mita za ujazo 1.44, yaani gramu 35 hivi za maji. Silika jeli, punje zilezile za kwenye vipakiti vya maboksi ya viatu, hubeba kama robo ya uzito wake kabla haijaanza kuachia unyevu upite. Nusu kilo kwa hiyo inabeba gramu 125: siku tatu na nusu, basi. Punguza hewa hadi nusu lita kwa dakika na nusu kilo ileile itakufikisha wiki moja. Ukivuta hewa kutoka chumba chenye AC, nyuzi 24 na unyevunyevu wa asilimia 55, maji yaliyomo ni nusu tu, na wiki moja inakuwa mbili. Tofauti hiyo inaletwa na mpira wa mita tatu tu wa kuvutia hewa ya chumba hicho, na bado watu wanafyonza hewa kutoka kabati la chini ya tangi, mahali penye unyevu kuliko pengine pote nyumbani.

Chagua jeli ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani. Ile ya bluu inayogeuka waridi ina chumvi ya kobalti, ambayo ni sumu, nami sitaki ikaushwe jikoni. Weka jeli kwenye silinda ndefu nyembamba, iliyosimama wima, hewa iingie chini na kutokea juu. Rangi ikibadilika hadi theluthi mbili, badilisha. Usingoje punje ya mwisho. Kuwa na mafungu mawili ili moja liwe kazini wakati jingine linakauka. Kukausha ni oveni ya nyuzi 110 hadi 120, saa mbili au tatu, punje zikiwa zimetandazwa nyembamba. Kikaango juu ya jiko la mkaa huunguza rangi, na baada ya hapo huwezi kujua kama jeli imekauka au imejaa. Ikishapoa, ifunge papo hapo kwenye chupa isiyopitisha hewa. Ukiiacha usiku kucha kwenye sinia, asubuhi utakuta imeshakunywa hewa ya Dar bila kukufanyia kazi.

Kwa kupitisha hewa, pampu ndogo inatosha: pampu, silinda ya jeli, ozonaiza, vali ya kuzuia maji kurudi, kisha skima. Skima nyingi zenyewe hufyonza lita kadhaa kwa dakika, kwa hiyo usijaribu kukausha hewa yake yote. Ingiza nusu lita yako ya hewa yenye ozoni kwenye mpira wake wa kufyonzea kwa kiungo cha T, na upande wa pili uendelee kuvuta hewa ya kawaida. Kupima mtiririko, jaza maji chupa ya lita moja, igeuze ndani ya ndoo, elekeza mpira wa pampu ndani yake: ikijaa hewa kwa dakika mbili, umepata nusu lita.

Mipira ndiyo inayosahaulika. Mpira wa asili unapasuka, nailoni nayo haidumu, na ule wa plastiki wa bei poa hukakamaa kama utambi mkavu. Tumia silikoni, na uikague kila miezi michache. Ukiwa Kariakoo na muuzaji anaapa kwamba ni silikoni, omba kipande kidogo ukichome ukiwa nje: silikoni huacha jivu jeupe, plastiki ya PVC hutoa moshi mweusi wenye harufu kali.

Sasa dozi. Ukomo wangu ni miligramu 0.1 kwa saa kwa kila lita. Tangi la lita 400, pamoja na tangi la chini linalochuja maji, lisizidi 40. Anza na 10, kaa wiki nzima, ndipo uende 15 au 20. Mara nyingi hakuna haja ya kuukaribia ukomo. Punguza muda wa taa au uziinue kidogo wiki za mwanzo, kwa sababu umanjano ukiondoka mwanga unaoyafikia matumbawe huongezeka ghafla, nayo yanaweza kupauka ukadhani ozoni imeyachoma.

Kidhibiti cha ORP, yaani kipimo cha nguvu ya maji ya kuoksidisha uchafu, kizime mashine kwenye milivolti 375 na kuiwasha kwenye 360. King'ora kiwe 425. Probu, kijiti cha kupimia kinachozama majini, iwe sehemu yenye giza, kabla maji hayajaingia skima. Probu mpya huchukua siku moja au mbili kutulia, na iliyoshika ute husoma uongo. Isafishe kila mwezi kwa mswaki laini, uihakiki kwa maji yake maalumu ya kipimo. Namba kushuka baada ya kulisha, au jioni pH inapokuwa juu, ni kawaida. Usifukuzie kila milivolti. Na usimwachie kidhibiti usalama wote. Swichi ya dozi kwenye mashine yenyewe ndiyo kinga: iweke chini kiasi kwamba hata probu ikichomoka majini na mashine ikawaka usiku mzima, dozi haitavuka ukomo.

Kisha kuna umeme. Ukikatika, pampu inasimama na maji yanaweza kurudi kwenye mpira hadi ndani ya ozonaiza. Vali peke yake haitoshi, maana ozoni huila nayo pia. Iweke mashine juu kuliko usawa wa maji na mpira upande juu kwanza kabla ya kushuka. Umeme ukirudi, kila kitu kinawaka pamoja, skima bado haijatulia. Tumia swichi ya kuchelewesha, ozonaiza ingoje dakika 10. Ukiendesha pampu kuu kwa inverta, ozonaiza isiwe kwenye inverta hiyo.

Maji yanayotoka kwenye skima yapite yote kwenye mkaa amilifu, ule uliotengenezwa maalumu kwa kuondoa kemikali majini. Kwa tangi la lita 400, gramu 250, ubadilishwe kila mwezi. Ozoni yenyewe hudumu kidogo sana kwenye maji ya bahari, ila bahari ina bromidi, kama miligramu 65 kwa lita, nayo hugeuzwa kuwa asidi ya haipobromasi (asidi yenye bromini) inayochoma mashavu ya samaki na nyama ya matumbawe. Hakiki kwa vidonge vya DPD vya mabwawa ya kuogelea: maji yaliyopita kwenye mkaa yasionyeshe waridi kabisa. Yakionyesha, zima ozonaiza, badilisha mkaa, upime tena kesho yake.

Hewa inayotoka juu ya kikombe cha skima nayo ipite kwenye mkaa, mkavu, usiolowa povu. Kikomo cha kazini cha ozoni hewani ni sehemu 0.1 kwa milioni kwa saa nane, na pua huinusa kabla ya hapo, harufu kali kama ya mashine ya fotokopi iliyofanya kazi mchana kutwa. Ila pua huzoea haraka, kwa hiyo inuse unapotoka nje na kuingia, hasa kama kuna mwenye pumu nyumbani. Harufu ikitokea karibu na kiungo cha T badala ya kwenye kikombe, pampu ya skima imesimama na ozoni inamwagika chumbani: zima ozonaiza kwanza, fungua madirisha, ndipo uanze kufungua pampu.