Sasisho feki la kivinjari: ni nini, na linatoka wapi

Nilikuwa steshenari moja ya Mwenge nikisubiri kuchapiwa kurasa nne. Dada wa kaunta alikuwa anamtafutia mteja fomu mtandaoni, mara skrini nzima ikawa nyeupe, nembo ya Chrome ikakaa katikati, na chini yake maneno ya Kiingereza: kivinjari chako kimepitwa na wakati, bofya hapa. "Hii nayo kila siku inataka kuapdetiwa," akasema, mkono tayari uko kwenye mausi. Nikamwomba asibofye kwanza.

Alichokiona ndicho kinachoitwa sasisho feki: ukurasa au kidirisha kinachojivika sura ya kivinjari ili upakue mwenyewe faili ambalo ungejua lilivyo usingeligusa. Shika neno hilo, ukurasa. Kivinjari ni programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome au Firefox, iliyomo ndani ya kompyuta yako. Ukurasa ni mgeni uliyemfungulia ndani ya programu hiyo. Chrome hujisasisha yenyewe kimyakimya, na ikitaka uizindue upya, hukuonyesha neno dogo juu kulia, karibu na vile vitone vitatu, nje kabisa ya eneo la ukurasa. Ukurasa hauna kazi ya kusasisha kivinjari, na hautumwi na Chrome kuja kukuarifu.

Watu hunaswa kwa sababu ukurasa huo unaonekana kuwajua. Hakuna uganga hapo. Kila tovuti unayoifungua huambiwa na kivinjari chako jina lake na toleo lake, kwa hiyo mwenye Firefox ataonyeshwa mbweha na mwenye Chrome ataonyeshwa lile duara la rangi. Mpiga debe naye hukuita anko, lakini hujawa mjomba wake.

Sasa, linaingiaje kwenye tovuti ya heshima? Mara nyingi kupitia matangazo. Fikiria tangazo la mgongoni mwa daladala: mwenye gari kampa dalali ile nafasi, dalali kamuuzia dalali mwenzake, na dereva anaondoka Mbagala alfajiri hajui nyuma kumebandikwa nini. Mtandaoni udalali huo hufanywa na kompyuta kwa mnada, kila unapofungua ukurasa, kwa muda usiofika sekunde moja. Tapeli akinunua nafasi hiyo, tangazo lake linaweza kubeba maagizo ya kukuhamisha ulipo na kukupeleka kwenye ukurasa wake. Septemba 2009 wajanja walijifanya kampuni halali ya simu wakanunua tangazo kwenye tovuti ya gazeti la New York Times, kisha wakalibadilisha. Wasomaji wakaanza kutishiwa kwamba kompyuta zao zina virusi. Kama gazeti la ukubwa ule lilipitiwa, usishangae kwa zile tovuti za kuangalia mechi ya Simba na Yanga bure. Njia nyingine ni tovuti yenyewe kuvunjwa, kisha ikapandikizwa msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, wa kuonyesha sasisho feki.

Kinachowachosha mafundi ni kwamba ukurasa huo mara nyingi humtokea mtu mara moja tu. Unamwita fundi, anafungua tovuti ileile, haoni kitu, anakuona unaota. Wenye mtego hukumbuka nani ameshaonyeshwa, tena wengine huchagua kuwatokea watu wa nchi fulani au aina fulani ya kompyuta tu.

Faili lenyewe kwenye Windows huja kama zip, yaani furushi la mafaili, au faili la js, ambalo ni programu ndogo, na kwenye simu za Android kama APK, faili la kusakinishia programu. Ukilifungua, linaweza kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, au kumfungulia mlango mtu wa kuyafunga mafaili yako na kudai malipo. Kwa steshenari hili ni zito kuliko nyumbani, maana wateja huacha barua pepe zao wazi pale na kuondoka. Siku hizi kuna mtindo mpya: hupewi faili, unaambiwa ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, ubandike maneno, kisha ubonyeze Enter. Maneno hayo ni amri, na anayeitekeleza ni wewe.

Ukikutana nalo, funga kichupo, yaani ule ukurasa mmoja uliofunguliwa ndani ya kivinjari, kwa Ctrl na W. Usiiamini alama ya X iliyochorwa ndani ya kidirisha, huenda nayo ni kitufe cha kupakua. Kama skrini yote imefunikwa, bonyeza Esc kwanza. Kama faili limeshuka lakini hujalifungua, lifute, yameisha. Ukishalifungua, kata intaneti, chukua kifaa kingine, ubadilishe nywila ukianza na ya barua pepe, na uiondoe akaunti kwenye vifaa vyote ilikofunguliwa. Kompyuta ipimwe kabla ya kurudi kazini. Programu ya kuzuia matangazo husaidia pia. Desemba 2022 hata FBI, shirika la upelelezi la Marekani, iliwashauri watu waitumie.

Kwa simu, Chrome isasishwe Play Store, na Safari ya iPhone huja na sasisho la mfumo. Vidirisha vikikufuata hata ukiwa umefunga kila kitu, yaelekea kuna tovuti uliyoiruhusu kutuma arifa. Ingia mipangilio ya kivinjari uifutie ruhusa.

Pale Mwenge tulifunga kile kichupo, tukabofya vitone vitatu, tukaenda sehemu ya usaidizi, tukafungua Kuhusu Google Chrome. Nikabaki nacheka. Toleo lilikuwa la zamani kweli. Sasisho halali lilikuwa limeshapakuliwa, limekaa pembeni likisubiri Chrome izinduliwe upya, ila kwenye kaunta ile hakuna anayekifunga kivinjari, vichupo ni zaidi ya thelathini na kila kimoja ni cha mteja. Dada aliwaandika kwanza kwenye daftari, ndipo akabofya.